Nimeuza mitumba miaka 14, sasa nataka kusubiri gari jipya

Shikamoo mama,

Nakuandikia nikiwa mezani kwangu sokoni Memorial, hapa Moshi. Mvua imefukuza wateja na majirani wamefunika mizigo kwa maturubai, kwa hiyo nina nafasi ya kusema yaliyo moyoni.

Nina miaka 41 na nimeolewa miaka 16. Tuna watoto watatu: wa kwanza yuko kidato cha kwanza, wa pili darasa la nne, kitindamimba ana miaka sita. Mume wangu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mimi nauza mitumba ya watoto na makoti. Nilianza miaka 14 iliyopita kwa belo moja la mkopo wa kikoba, na leo msimu ukiwa mzuri nafungua mabelo manne kwa mwezi.

Tulikuwa na Raum. Mwaka jana gia boksi ilikufa, fundi akataja bei, tukatazamana, tukaliuza hivyo hivyo kwa mtu wa spea. Tangu hapo ni bodaboda, bajaji na Hiace. Mama mkwe anaishi Uru, juu, kwenye kihamba, shamba la migomba la familia. Magoti yake yamechoka, ana na presha, na kila mwezi lazima ashuke kliniki KCMC. Kwenye boda hawezi kupanda. Tunakodi teksi kwa shilingi 50,000 kwenda na kurudi, na masika dereva huishia kwenye lami, anapiga simu kwamba mama atembee mpaka alipo kwa sababu gari lake haliingii kwenye tope.

Fedha ipo, mama. Nina milioni 34. Nimezikusanya mwenyewe shilingi kwa shilingi, na mume wangu anajua zipo na ni ngapi, hatufichani.

Sasa kaka yake mkubwa, shemeji yangu wa Arusha, anauza Vanguard lake. Ni la mwaka 2009, namba D, cc 2,400, siti saba. Watu baki anawatajia milioni 24, sisi katutajia 20, tena amesema tunaweza kutoa nusu na nusu tukalipa polepole. Mume wangu anaona ni majibu ya maombi.

Moyo wangu uko kwingine. Oktoba 2025 Toyota walionyesha Land Cruiser ndogo inaitwa FJ, na mpwa wangu akanionyesha kwenye simu. Lina umbo la kiberiti, fupi, limeinuka vizuri. Walisema litaanza kuuzwa Japan katikati ya 2026. Mama, niliangalia ile video mpaka bando likaisha. Usiku nikamwambia mume wangu: tusinunue sasa, tusubiri hili. Akacheka. Akasema, "Wewe na Land Cruiser?" Kisha akageukia ukutani akalala.

Nataka unielewe, sina tamaa ya makuu. Mimi ni wa tano katika watoto saba. Sare yangu ya shule ilikuwa ya dada yangu, na kabla yake ya binti wa mjomba. Viatu vya kipaimara niliviazima. Gauni la harusi nilikodi. Kitanda tunacholalia tulinunua kwa padri aliyehamishwa. Simu hii ninayokuandikia ilikuwa ya mtu. Na kazi yangu ni kuuza nguo zilizovaliwa na watu nisiowajua. Siku moja katika maisha yangu nataka kukaa kwenye kiti ambacho bado kina nailoni.

Lakini juzi asubuhi nilipanda boda na yule mdogo, mvua inanyesha. Alikuwa amevua viatu vya shule akavificha ndani ya koti ili visilowe, miguu peku. Tulipofika getini nikampangusa miguu kwa kanga, nikamvalisha. Akaniuliza, "Mama, gari letu bado liko kwenye meli?" Mimi ndiye niliyemwambia liko kwenye meli. Nilimwambia ili anyamaze.

Shemeji ametupa mpaka mwisho wa mwezi. Mume wangu ameshamjibu kwamba "tunalichukua", bila kuniuliza. Nikisubiri, je, mimi ni mjinga? Na nikikubali la shemeji, nitakaa humo nikiwa na furaha, au kila taa ya dashibodi ikiwaka nitakuwa namlaumu mume wangu?

Nisaidie mama.

Mimi wa Mitumba, Moshi

—

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliona mama anayeuliza habari za gari. Mara ya pili nikahesabu mistari: magari umeyaandikia barua nzima, kicheko cha mume wako umekipa mistari mitatu tu. Mimi nadhani kicheko hicho kimekuingia ndani zaidi kuliko hilo Land Cruiser, na tutakirudia. Ila kwanza tuzungumze gari, kwa sababu usiku ule unaonekana ulikatwa kauli kabla hujasikilizwa, nami sitaki kuwa wa pili.

Kama nimekuelewa, una fundo la nyuzi tatu. Kuna mahitaji ya nyumba, yaani mama mkwe, watoto na tope la Uru. Kuna hamu yako ya kumiliki kitu kisichopita mikononi mwa mtu. Halafu kuna swali la nani anaamua fedha yako iende wapi, na hili mume na shemeji wamelijibu wenyewe kwa simu. Nyuzi zote tatu umezifunga kwenye gari moja. Ndiyo maana ukivuta upande wowote panauma.

Hilo FJ sikulidharau. Nimemuuliza fundi mmoja jirani yangu, na kijana anayefanya uwakala wa forodha. Fundi alifurahi kuliko nilivyotegemea. Injini yake ni ya petroli, cc 2,700, ile wanayoiita 2TR, ambayo iko kwenye Prado nyingi zinazopita hapo hapo Moshi. Ina maana siku likileta shida hutatafuta fundi wa kwenye mtandao, gereji za mtaani zinaijua. Lina foo wili ya kweli, ile ya kuingiza unapohitaji. Urefu wake ni mita 4 na sentimita 57 hivi, kwa hiyo njia za kihamba litapita. Hujapenda kitu cha ovyo.

Lakini lina siti tano. Wewe, mume wako na watoto watatu, limejaa. Siku ya kliniki haina neno, watoto wako shuleni. Desemba je? Mnapopanda Uru kwa Krismasi na mama mkwe mmemtoa kliniki mjini, na mkungu wa ndizi wa kurudi nao, nani atapakatwa? Yule wa kidato cha kwanza hapakatiki tena. Sisemi hili likukatishe tamaa, familia nyingi zinaishi na siti tano. Nasema tu kwamba katika barua yako siti za Vanguard umezitaja na za FJ hukuzitaja, na mtu anayejua hesabu za belo kama wewe hasahau kuhesabu bila sababu.

Yule kijana wa forodha naye alichukua kalamu. Gari la familia likiingia nchini, ushuru wa forodha ni asilimia 25. Injini ikizidi cc 2,000, inaongezeka asilimia 10 ya ushuru wa bidhaa, nayo inapigwa juu ya bei pamoja na ule ushuru wa kwanza. Halafu VAT asilimia 18 juu ya vyote. Kwa hiyo gari lililofika bandarini kwa shilingi 100 linakuwa 162 na ushee, na hapo hujagusa tozo ndogo ndogo, gharama za bandari, wakala na usajili. Sasa chukua milioni 34 zako uzirudishe nyuma kwa hesabu hiyo. Karibu milioni 21 ndiyo fedha ya gari na meli, na 13 zinazobaki ni za kodi.

Mwanangu, hakuna Land Cruiser jipya la milioni 21. Japan halipo, na Thailand linakoundwa hilo FJ halipo pia.

Najua sentensi hiyo ni chungu, nami nimeizungushazunguka kabla ya kuiandika. Ila kuna nyingine nyuma yake ambayo nadhani hukuifikiria, wala mume wako hakuifikiria alipocheka. Kama fedha yako haifikii jipya, basi kusubiri kwako ni kusubiri mpaka mtu wa Japan alinunue, alitumie, aliuze. Wenzetu gari jipya la mtu binafsi hupimwa na serikali mara ya kwanza likifika miaka mitatu, kisha kila baada ya miaka miwili, na upimaji wenyewe una gharama, kwa hiyo wengi huyaachia magari yao karibu na tarehe hizo. Ndipo yanapoanza kuonekana kwa wingi minadani. Kama la kwanza litauzwa huko katikati ya 2026, fanya hesabu mwenyewe, ni 2029. Na siku hiyo litakapokufikia, nailoni itakuwa imeshatolewa na mtu mwingine. Litakuwa mtumba, gredi A, lakini mtumba.

Kwa hiyo swali lako "nisubiri au nisisubiri" naliona limegawanyika. Je, unalisubiri FJ, lije vyovyote vile, hata likiwa na kilomita 40,000? Au unasubiri upya, hata kama utakuja na gari dogo kuliko hilo au na kitu kisicho gari kabisa? Sina jibu lako. Ila ukikaa nalo siku mbili tatu bila kumweleza mtu, utalijua.

Acha nikuchekeshe kidogo. Mimi niliwahi kusubiri kabati la mninga kwa fundi seremala miaka miwili. Nguo zangu zilikuwa kwenye maboksi, nami kila nikipewa kabati la watu nakataa, nasema langu linakuja. Lilikuja. Lilikuwa zuri mno, na halikupita mlangoni. Tulibomoa fremu ya mlango. Mpaka leo silijutii lile kabati, lakini ile miaka miwili ya maboksi naikumbuka zaidi ya kabati lenyewe.

Ukiona kweli ni FJ jipya, liite mpango wa miaka na ulipangie hivyo. Kuna wanaokopa ili kuziba pengo. Hapo ningekuuliza utaweka nini rehani, na kama marejesho yatatoka kwenye mabelo, msimu mbaya mmoja utakuacha wapi. Mtaji wa mitumba nauonea huruma, ndio ulioleta hizo milioni 34, na gari halizai. Wapo pia wanaojikusanya polepole huku wakiwa na chombo cha kuvukia. Na kusubiri kwa miguu, bila gari lolote, hakugharimu fedha nyingi kama watu wanavyodhani. Teksi ya kliniki 50,000, boda za shule, ukijumlisha mwezi mzima huenda ni chini ya mafuta, bima kubwa na matengenezo ya gari la cc 2,400. Gharama ya kusubiri kwako haiko kwenye daftari. Iko kwenye ile miguu peku uliyoipangusa kwa kanga, na kwenye magoti ya mama mkwe anayeteremka tope kuifuata teksi. Hiyo unajua wewe bei yake.

Tuje kwa Vanguard.

Vanguard ziliundwa kuanzia 2007 mpaka 2013, ni ndugu wa RAV4 aliyerefushwa, na zile siti mbili za nyuma kabisa ni za watoto, mama mkwe usimpeleke kule. Uzuri mmoja mkubwa ni kwamba hilo lilishaingia nchini, kodi yake ilishalipwa. Ungeagiza leo gari la umri huo, lingeangukia kwenye ushuru wa uchakavu wa magari yaliyozidi miaka 10, asilimia 30 nyingine juu ya zile nilizokutajia. Kwa hiyo bei ya shemeji si ya kuitupa bila kuitazama.

Ila injini ile ya cc 2,400 ina tabia moja ambayo mafundi wengi watakuambia hata kabla hujauliza: baadhi yake zinakula oil. Si zote, na gari likitunzwa linaenda mbali. Lakini umri wa hilo gari na mwaka wake vinanifanya nisikunyamazie. Muulize shemeji swali moja tu, kwa upole, mkiwa mnakunywa chai: kati ya sevisi moja na nyingine unaongeza oil kiasi gani? Ukimya wake utakujibu kabla ya mdomo. Fundi wa kulikagua awe wako, utakayemlipa wewe, asiwe anayelihudumia gari hilo siku zote. Apime kwa kompyuta, aingie chini atazame bushi na shokapu, alijaribu kwenye mlima. Na namba ya gari iangaliwe kama ina madeni ya faini za barabarani, maana deni la trafiki linakwenda na gari.

Hofu yangu kubwa kwenye Vanguard haiko chini ya boneti. Iko kwenye ile "nusu mtalipa polepole". Gari la mtu baki likikufa wiki ya pili, utamtukana barabarani na kumsahau. La shemeji likikufa, atakuwepo Krismasi, mtakula naye nyama meza moja, nawe bado unamdai au yeye anakudai, na mama mkwe katikati hajui amtazame nani. Kama mtalichukua, ningependa muandikiane kama watu msiojuana: bei, kilicholipwa, kilichobaki, tarehe, sahihi. Kadi ibadilishwe jina TRA mapema, isikae miaka ikisoma jina la shemeji. Na jina litakaloandikwa kwenye hiyo kadi, mwanangu, umeshalizungumza? Barua yako haikusema.

Kuna na njia za pembeni, nitakuwekea mbili uzitazame. Moja ni gari dogo la karibuni la kuagiza. Kwa mfano Toyota Raize, lilitoka Japan Novemba 2019, na yale ya mwanzo injini yake ni cc 996. Chini ya cc 1,000 ule ushuru wa bidhaa haupo, na likiwa chini ya miaka minane hakuna uchakavu. Ni dogo, siti tano za kubanana, na kwa tope la Uru ungetafuta lile la foo wili, maana mengi ni ya kuvuta tairi za mbele tu. Lakini mtu aliyezoea mitumba ya miaka 15 akikaa ndani yake huona kama jipya. Sijui kama lingekutosha wewe, ambaye najua unataka nailoni. Nyingine ni kutonunua chochote kwa miezi kadhaa, mkatafuta dereva mwenye gari la foo wili pale juu Uru kwenyewe, mkapatana naye kwa mwezi, awe anamchukua mama mlangoni siku za kliniki. Huo ni ufumbuzi wa mama mkwe tu, watoto hauwagusi. Lakini unaweza kukuondolea ule mwisho wa mwezi wa shemeji unaokukaba koo, ukapata kufikiri. Huo muda aliutoa yeye kwa sababu zake. Kwako hakuna kinachoharibika tarehe moja.

Haya, kicheko.

Umekisikia kama dharau, na huenda kilikuwa dharau. Wewe ulikuwepo, mimi sikuwepo. Lakini nimekaa na wanaume wa kila aina, na mwalimu wa shule ya msingi anayetajiwa Land Cruiser na mkewe usiku, kwa fedha ya mkewe, ana mengi ya kucheka nayo. Anawaza mwalimu mkuu anakuja na pikipiki. Anawaza watakavyosema mtaani, kwamba gari la mke. Anawaza mama yake anayeshushwa kwenye tope kila mwezi, naye mtoto wa kiume hajaweza kumpandisha kitu, na hapa kaka mkubwa amemnyooshea mkono. Kusema haraka "tunalichukua" inawezekana ilikuwa njia yake ya kuwa mwenye nyumba kwa dakika moja. Simtetei. Kuahidi fedha ya mtu bila kumuuliza ni kosa, hata kama mtu huyo ni mkeo, na ukimwambia hivyo kwa maneno hayo hayo hutakuwa umekosa adabu. Ninachokuuliza ni hiki: yale ya sare ya dada yako, viatu vya kuazima, gauni la kukodi, kitanda cha padri, umewahi kumwambia yeye? Au nimeyasikia mimi kwanza, mtu wa mbali? Kwa sababu mume wako usiku ule alisikia jina la gari. Sidhani kama alisikia kitu kingine.

Kama hajayasikia, ningeomba ayasikie kabla ya mwisho wa mwezi. Msizungumze kitandani, ukuta uko karibu mno. Pandeni Uru Jumapili mkamwone mama, na mkishuka, shukeni kwa miguu ile sehemu ambayo teksi haifiki. Mwambie mkiwa mnatembea. Anza na viatu vya kipaimara, Land Cruiser lifuate baadaye au lisitajwe kabisa. Kisha mwache naye aseme kwa nini anataka la kaka yake, usimkatishe, hata akirudia yale unayoyajua. Yanaweza kutoka ambayo huyajui. Inaweza pia kutokea msielewane hata hapo, na ukalazimika kumpigia shemeji wewe mwenyewe na kumwambia, kwa heshima zote, kwamba jibu alilopewa lilitoka upande mmoja. Litaleta baridi kwa muda. Wewe ndiye utakayejua kama unaweza kuikaa hiyo baridi, au ni afadhali oil ya Vanguard.

Umeniuliza kama utakuwa unamlaumu kila taa ya dashibodi ikiwaka. Mimi nadhani hilo litategemea zaidi mlivyolinunua kuliko mlichonunua. Ukilikubali huku umenyamazishwa, hata tairi ikipata pancha utamwangalia yeye. Vilevile yeye, akisubirishwa miaka mitatu bila kuelewa anasubiri nini, kila mvua ikinyesha atakuangalia wewe.

Na yule mdogo, mwambie leo leo kwamba hakuna gari kwenye meli. Mwambie baba na mama bado wanachagua. Ana miaka sita, anajua kuvua viatu visilowe, hilo nalo atalielewa.

Mkifikia kwenda Arusha kulitazama gari la shemeji, iwe kwa kulinunua au kwa kumwondolea mume wako kinyongo, fikeni asubuhi mapema kabla halijawashwa. Gari likiwa baridi ndipo moshi wa bluu, dalili ya injini inayokula oil, unapojionyesha, na likishapashwa linaweza kukuficha. Fika wewe wa kwanza, shika boneti kwa kiganja. Ikiwa ya moto, ulizeni nani amelitembeza alfajiri na alikuwa anakwenda wapi. Mkiweza, laleni kwao usiku uliotangulia.